Wiki yangu ya baiskeli na madumu ya maji

Kila nikiweka picha ya baiskeli mtandaoni maswali yanakuja yale yale, unafanya saa ngapi, kazini unafika vipi, watoto nani anawaandaa, alafu linakuja lile ambalo kwangu ndo swali hasa: dada, kama unapenda baiskeli si ukae kwenye baiskeli tu, hayo mazoezi ya kubeba vitu vizito ya nini? Na upande wa pili watu wa jimu nao wananiambia baiskeli inakula misuli, chagua moja. Mi sichagui. Leo nataka nieleze wiki yangu nzima inavyokaa kwasababu nimeona wanawake wenzangu kadhaa hapa Dar wanaanza kwa mzuka alafu baada ya mwezi mmoja wameacha, na nikiwauliza nakuta walikuwa wanajikamua kila siku. Ninachoamini ni hiki, kwa sisi tunaofanya kazi kutwa nzima, nguvu na baiskeli ni zoezi moja lenye pande mbili, ila mazoezi ya kukaza yakae pamoja, asubuhi na jioni ya siku hiyo hiyo, ili zile siku nyingine mwili upumzike kwelikweli.

Naishi upande wa Mbezi Beach, kazi yangu ni ya ofisini mjini, yaani kukaa kwenye kiti kutoka asubuhi mpaka jioni na foleni ya Bagamoyo Road juu yake. Nimeshavuka arobaini. Hilo la umri nalitaja makusudi kwasababu ndilo lililonipeleka kwenye vitu vizito. Shangazi yangu aliteleza tu msalani akavunjika nyonga, na tangu siku ile hajarudi kutembea alivyokuwa anatembea, na alikuwa mwanamke wa shamba, mwenye nguvu zake. Daktari aliyemhudumia akatueleza kwamba mwanamke akishafika umri wa kukoma hedhi mifupa inapungua uzito haraka, na kinachousaidia mfupa ni kubebeshwa mzigo. Nikaenda kusoma zaidi nikakuta kitu ambacho waendesha baiskeli wengi hatukizungumzi kabisa: baiskeli ni nzuri mno kwa moyo na mapafu lakini mwili umekaa kwenye siti, uzito wako umebebwa na chuma, mfupa haushtuliwi. Kuna waendesha baiskeli wa mbio wa miaka mingi wamepimwa wakakutwa mifupa ya kiuno ni myepesi kuliko ya watu wa kawaida wa umri wao. Watu wenye miguu kama nguzo! Kwahiyo mtu akiniambia mguu wa baiskeli unatengenezwa kwenye baiskeli, sawa, ila mfupa wa kuubeba huo mguu ukiwa na miaka 70 je?

Jumatatu sifanyi kitu. Natembea tu jioni na wanangu kama hakuna mvua, najinyoosha kidogo mgongo na mapaja, nalala mapema.

Jumanne ndo siku yenyewe. Saa kumi na moja kasoro nimeamka, chai ya rangi na ndizi mbili, nikishaswali alfajiri natoka, taa mbele na nyuma zinawaka, naelekea Tangi Bovu kupanda barabara ya Goba. Anayeijua Dar anajua mji wetu ni tambarare, ukiwa karibu na bahari unaweza kuendesha saa nzima bila kubadilisha gia, kwahiyo kilima chochote kilichopo ni mali. Goba sio mlima wa kutisha ila una sehemu zinazokukaba koo. Nafanya vipande vya dakika nne nne, nakaza mpaka nisiweze kusema zaidi ya neno moja au mawili, alafu nateremka taratibu mpaka pumzi irudi, narudia, vinatosha vinne au vitano kutegemea mwili umeamkaje. Sina kile kipimo cha nguvu cha kufunga kwenye pedeli, bei yake ni ya kununua baiskeli nyingine nzima, natumia saa ya mapigo ya moyo na mdomo wangu, na mdomo haujawahi kunidanganya. Muhimu ni kipande cha mwisho kifanane na cha kwanza. Ukikimbia sana cha kwanza ukafa cha tatu, umejifunza kufa tu.

Saa moja na nusu nimeshaoga niko njiani kwenda kazini na nakula uji wa ulezi kwenye chupa, mzito, na karanga zilizosagwa ndani.

Sasa jioni ya hiyo hiyo Jumanne, hapo ndo watu wananishangaa, nafanya nguvu. Asubuhi nimepanda kilima, jioni nabeba. Wanasema si upumzike, ufanye kesho? Hapana, kesho ndo nataka kupumzika. Nikifanya kilima Jumanne na vitu vizito Jumatano, miguu inakuwa nusu mbovu siku mbili, na Alhamisi tena, na Ijumaa tena, wiki nzima unazunguka na miguu isiyo na furaha, hukazi vizuri wala hupumziki vizuri. Nikizipanga siku moja nachoka mara moja, nalala usingizi mzito, na mwili unapata zaidi ya saa 30 za kujijenga kabla sijauomba kitu kigumu tena. Ila kati ya asubuhi na jioni kula. Mchana nakula wali maharage na samaki au dagaa, sahani ya mtu mzima, saladi peke yake siku hiyo haifai.

Vifaa vyangu havina gharama. Madumu mawili ya lita 20, kiroba kilichojazwa mchanga na kufungwa vizuri na mpira, ngazi za nyumba, na mkeka. Maji lita moja ni kilo moja, kwahiyo dumu ni mzani mzuri ajabu, wiki hii lita 12, wiki mbili mbele lita 14, unajua kabisa umepanda kiasi gani, na mwanamke wa nchi hii hahitaji kufundishwa namna ya kuinua dumu la maji, ila anahitaji kukumbushwa mgongo ukae sawa na nguvu itoke kwenye makalio na mapaja. Nachuchumaa na kiroba nimekikumbatia kifuani. Nanyanyua madumu yote mawili kutoka chini, mgongo umenyooka. Napanda ngazi mguu mmoja mmoja nimeshika mzigo, hili nalipenda kuliko yote kwasababu ndo mwendo wenyewe wa kukanyaga pedeli, na linakuonyesha mguu gani ni mvivu (wangu wa kushoto ulikuwa unasaidiwa na wa kulia kumbe). Alafu natembea na madumu yamejaa, moja kila mkono, kutoka getini mpaka nyuma ya nyumba na kurudi. Hiyo kilo 40 inafanya kazi kwenye vidole, mabega, tumbo, mgongo, kila kitu, na baadae kwenye baiskeli ukiwa umeinama kwa saa tatu nzima huumwi shingo. Namalizia na pushapu na planki.

Idadi ni ndogo na mzigo ni mzito. Mara tano au sita, napumzika dakika mbili tatu kabisa, narudia, seti nne basi. Wengi wanaoendesha baiskeli wakifanya nguvu wanachukua vitu vyepesi wanarudia mara 30 wakisema wanataka stamina, jamani stamina si tayari unaipata barabarani maelfu ya mizunguko ya pedeli kwa saa? Kile ambacho barabara haikupi ndicho unachokifuata kwenye mzigo. Kuna mtafiti wa Norway, Bent Rønnestad, ameshughulika miaka na jambo hili hili, waendesha baiskeli wazuri wakaongezewa mazoezi mazito ya miguu mara mbili kwa wiki juu ya baiskeli yao ya kawaida, na wakaendesha vizuri zaidi ya wenzao walioendelea na baiskeli peke yake, hasa mwishoni mtu akiwa ameshachoka. Mwishoni ukiwa umechoka! Si ndo pale ambapo sisi wote tunaachwa na kundi?

Jumatano naendesha saa moja tu, polepole, na hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndo wengi tunapokosana. Polepole maana yake unaongea sentensi nzima bila kuhema, unaweza kupiga stori na mwenzako kutoka Africana mpaka Kunduchi. Mtu akikupita na baiskeli ya kubebea mkaa, apite, mwache aende na riziki yake. Stephen Seiler, huyu ni Mmarekani anayefanya utafiti wake hukohuko Norway, aliangalia mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa kupiga makasia, kuteleza kwenye theluji, kukimbia, baiskeli, akakuta karibu asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi. Hao ni watu ambao kazi yao ni hiyo, wakimaliza wanalala mchana. Sisi tukimaliza tunaingia kwenye daladala. Sasa kwanini sisi ndo tukimbizane kila asubuhi? Kwenye makundi yetu kuna hii tabia mtu mmoja akiongeza mwendo kidogo na wa pili anaongeza, dakika kumi baadae watu wote ndimi nje, na hakuna aliyepanga. Hapo siku nyepesi imekufa, na ile siku ngumu ya kesho yake nayo imekufa kwasababu hamna kilichobaki. Mi Jumatano naendesha peke yangu au na rafiki mmoja tunayeelewana, basi.

Alhamisi ni kama Jumanne ila fupi. Asubuhi vipande vya sekunde 30 barabara tambarare, jioni nguvu tena kwa mzigo mwepesi kidogo maana Jumamosi inakuja. Ijumaa napumzika, na usiku nasafisha cheni, naipaka oili, naangalia matairi moja moja kwa kidole kutafuta vile vipande vya waya vinavyotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Waya mmoja mwembamba kama unywele unaingia taratibu na unakupa pancha ukiwa Mapinga huko njia ya Bagamoyo, jua la saa nne. Fundi wangu alinifundisha kitu kimoja cha maana sana, kupunguza upepo kidogo kwenye tairi pana badala ya kulijaza mpaka linakuwa jiwe. Kwa barabara zetu zenye mchanga pembeni na matuta madogo madogo kila panapovuka watu, tairi lenye ulaini linashika vizuri, mikono haifi ganzi, na mwendo haupungui.

Jumamosi, Bagamoyo! Hii ndo sababu ya mimi kuamka siku nyingine zote. Tunakutana Tegeta giza halijaisha, tunapita Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, kwenda na kurudi kutokea kwangu ni kilomita 100 na ushee. Kuna malori ya sementi yanayotoka Wazo, kwahiyo mpaka Bunju tunakaa mstari mmoja, hakuna stori, anayeongoza ananyoosha mkono kuonyesha shimo au daladala linalotaka kusimama. Baada ya hapo barabara inafunguka, minazi inaanza, miembe, wachuuzi wanapanga mananasi, na watoto wanapiga kelele "mama kaza!" kila kijiji.

Ila ukitaka kuielewa barabara ya Bagamoyo uelewe upepo kwanza. Barabara inaelekea kaskazini magharibi, bahari iko kulia kwako ukienda. Miezi ambayo kusi imeshika, inatoka kusini mashariki, kwahiyo unaenda imekusukuma mgongoni na unajiona bingwa, kilomita 30 kwa saa zinakuja bila jasho, na wageni wote wa kundi wanavutika hapo, wanakaza, wanapiga picha. Alafu kurudi. Alfajiri upepo unakuwa bado mdogo, lakini jua likishapanda bahari nayo inapuliza, mpaka saa tatu saa nne kusi imeamka kamili na sasa iko usoni kwako kilomita 50 zote. Ndo maana mi kwenda nakaa nyuma kwa makusudi, nakanyaga kidogo, nakula, nakunywa. Ukikaa vizuri nyuma ya mtu, gurudumu lako karibu na lake, unaokoa robo mpaka theluthi ya nguvu, na wakati wa kurudi tunapokezana mbele, kila mtu dakika moja au mbili alafu anatoka pembeni anarudi nyuma, mtu dhaifu hasukumwi, anakaa nyuma mpaka mwisho. Nakipenda kitendo hiki kuliko mwendo wenyewe. Watu mliokutana kwa baiskeli tu, mmoja mwalimu, mmoja fundi umeme, mmoja ana duka la vipodozi, mnakatiana upepo.

Kaskazi yenyewe kuanzia Desemba ina mambo yake tofauti, inatoka kaskazini mashariki, inakupiga ubavuni. Ukienda inatoka kulia, mahali pa kujificha ni kushoto kwa mwenzako, ambapo ndo ukingo wa lami, na ukingo ukiisha ni mchanga, kwahiyo wanajificha wawili watatu tu na wengine wanaumia. Ukirudi inatoka kushoto, na kujificha maana yake ni kukaa kulia, kwenye njia ya magari. Hatufanyi hivyo. Tunarudi mstari mmoja, kila mtu anapigwa na wake, tunapunguza mwendo, na kama kuna mtu amechoka tunasimama. Hakuna Jumamosi yenye thamani ya kulala chini ya basi.

Kula njiani ni nusu ya kazi. Safari ikizidi saa moja na nusu mwili unataka wanga gramu 30 mpaka 60 kila saa, na ndizi moja ya kawaida inakupa kama 25, kwahiyo ndizi na tende chache kila saa zinatosha, huhitaji vile vipakti vya jeli vya bei ya ajabu. Chupa moja maji matupu, nyingine nachanganya mwenyewe, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, nakamulia limao au ndimu. Ni ule mchanganyiko wa sukari na chumvi mama zetu walikuwa wanatupa tukiharisha. Kwa joto la Dar jasho linatiririka lakini halikauki, hewa imejaa unyevu, na jasho lisilokauka halipoozi mwili, kwahiyo mapigo yanapanda hata kama mwendo ni ule ule. Ukiona hivyo punguza. Bagamoyo tunakaa nusu saa karibu na soko la samaki, supu ya pweza, chapati, dafu, alafu tunageuza kabla kusi haijakasirika.

Jumapili nalala mpaka nichoke kulala, jioni natembea mchangani Kunduchi na familia au naogelea kidogo.

Wenzangu wanaofunga wameniuliza kuhusu Ramadhani, na miaka hii imeangukia kwenye lile joto la Februari na Machi. Mi mwezi ule sipandi kilima na siendi Bagamoyo. Naendesha dakika 40 nyepesi kabla ya futari, nikifika nyumbani adhana ndo hiyo, na nguvu nafanya usiku baada ya tarawehe mara mbili kwa wiki, seti chache ila mzigo nauacha vile vile. Nguvu haipotei kwa mwezi mmoja ukiigusa kidogo, na pumzi inarudi haraka baada ya Idi. Ibada kwanza.

Na nguo, maana hilo nalo mnaniuliza faragha. Navaa bukta ya baiskeli yenye sponji chini, juu suruali nyepesi isiyo pana maana pana inaingia kwenye cheni, shati la mikono mirefu la kitambaa kinachokausha jasho, na hijabu nyembamba ya mazoezi chini ya helmeti, isiyo na pini. Inakaa vizuri kabisa. Siku za mwanzo watu barabarani walikuwa wanaangalia, sa hivi wananijua, wale wa bodaboda wa kituo cha pale Goba wananihesabia vipande.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalipokuja Kigali, mara ya kwanza kabisa Afrika, niliangalia mbio za wanawake kwenye simu mwanzo mpaka mwisho, kilomita 164 za vilima mfululizo, akashinda Magdeleine Vallieres wa Canada ambaye hakuna mtu aliyekuwa anamtaja. Kesho yake wanaume, kilomita 267, waliofika mwisho ni 30 tu, Tadej Pogačar wa Slovenia wa kwanza. Kilichonikaa ni wale mashabiki wa Rwanda waliojaa kwenye kuta na miti, na wasichana wa Kiafrika waliokuwemo kwenye mstari wa kuanzia. Rwanda wana vilima kila upande, wanatengenezwa navyo. Sisi wa Pwani hatuna, na ndo maana nang'ang'ania madumu, kile kilima ambacho Dar haina nakitafuta kwenye mzigo na ngazi.

Mwezi ujao tunataka kubadilisha Jumamosi moja tuelekee Kisarawe, kupitia Gongo la Mboto na kupanda Pugu mpaka juu, msitu uko pale pale pembeni na hewa ni nyingine kabisa. Nimeshamwambia fundi anitafutie gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi, na kiroba nimekiongeza mchanga. Anayetaka kuja aje na tyubu ya akiba, taa ya nyuma inayowaka, maji chupa mbili, na Ijumaa yake apumzike.